Kujifunza kompyuta kwa bando dogo: mwongozo kamili wa tovuti ninazoziamini na namna ya kuzifuata

Karibu kila wiki kuna kijana anayekuja dukani kwangu na swali lilelile: "Kaka, nianzie wapi?" Ana simu, pengine ana laptopu ya mtumba, hamu anayo, na tayari amehifadhi viungo arobaini vya masomo ya bure. Shida yake si uhaba. Masomo ya bure ya kompyuta yaliyoko mtandaoni hayamalizwi na mtu mmoja hata akipewa umri wa watu watatu. Anachokosa ni mpangilio: lipi litangulie, lipi lifuate, lipi aachane nalo.

Halafu kuna bando. Nimeona bando likiwakatisha watu masomo kuliko ugumu wa somo lenyewe. Anayesoma kwa kutazama video moja kwa moja mtandaoni husoma siku tatu kifurushi kikiwapo, hukaa siku kumi bila kitu, na akirudi amesahau alipoishia. Kwa hiyo kila hatua hapa chini nimeipanga kwa kanuni moja: pakua mara moja, kisha soma kikiwa kwako.

Hatua ya 1: Andaa chombo ulicho nacho

Laptopu ya mtumba yenye RAM ya GB 4 inatosha kwa karibu kila kitu nitakachotaja. Kama ndani yake kuna diski ya zamani ya kuzunguka, pesa ya kwanza utakayoipata nunua SSD, diski ya kisasa isiyozunguka. Tofauti utaiona siku hiyohiyo. Kama Windows imeielemea mashine, weka Linux iliyo nyepesi, mfano Xubuntu au Linux Mint. Inawekwa kwa flashi ya GB 8. Nakili kwanza mafaili yako mahali pengine, maana ukikosea chaguo moja wakati wa kuiweka, diski nzima inafutwa. Masomo mengi mazuri yanachukulia kwamba unatumia Linux, hivyo kazi hiyo haitapotea.

Huna laptopu? Usisubiri. Kwenye simu ya Android weka Termux, ambayo inakupa dirisha la kuandikia amri. Ipakue kutoka F-Droid, duka la programu huria za Android. Ikifunguka andika pkg update, kisha pkg install clang python git. Baada ya hapo simu yako ina kompaila ya C (inayogeuza maandishi yako ya C kuwa programu inayoendeka), ina lugha ya Python na ina Git ya kuhifadhi historia ya kazi, na vyote vinafanya kazi ukiwa umezima data. Kuna kosa moja linalowasumbua wengi: mtu anaandika programu ya C, anaihifadhi kwenye folda ya kawaida ya simu ambako picha na nyimbo hukaa, na akiiendesha inamkatalia kwamba hana ruhusa. Hajakosea kuandika. Android hairuhusu programu ya namna hiyo kuendeshwa kutoka eneo lile. Kaa ndani ya folda ya nyumbani ya Termux na itaendeka. Kibodi ya waya ukiichomeka kwa kebo ya OTG itakuokoa vidole.

Mwisho, tenga flashi au memori kadi ya GB 64 iwe ya masomo tu. Hiyo ndiyo maktaba yako.

Hatua ya 2: Jaza maktaba

Tafuta siku moja yenye mtandao wa bei nafuu: Wi-Fi ya chuo, ya ofisini kwa ndugu yako, au kifurushi cha usiku. Siku hiyo usisome chochote. Pakua tu.

Anza na Kiwix. Ni programu ya bure, ipo kwa simu na kwa kompyuta, na kazi yake ni kufungua tovuti nzima zilizofungashwa kwenye faili moja la aina ya ZIM. Wikipedia yote ya Kiingereza pamoja na picha ni karibu GB 100, na hiyo huihitaji. Ndani ya maktaba ya Kiwix kuna mafungu madogo: lipo la makala za kompyuta peke yake, lipo la Wikipedia ya Kiswahili ambalo linaingia kwenye simu yoyote, na yapo ya maswali na majibu ya mafundi kutoka mtandao wa Stack Exchange. Kama wewe ni fundi wa vifaa kama mimi, chukua pia la iFixit, tovuti ya miongozo ya kufungua na kutengeneza simu na laptopu, hatua kwa hatua na kwa picha. Mara nyingi nimefungua kioo cha simu ngeni kwangu huku mwongozo wake ukiwa wazi kwenye tableti pembeni, umeme umekatika na mtandao hakuna.

Cha pili ni DevDocs. Hii imekusanya nyaraka rasmi za lugha za programu: C, Python, JavaScript, HTML, CSS na nyingine nyingi, kwa muonekano mmoja. Ingia devdocs.io kwa kivinjari cha simu au kompyuta, washa lugha unazozitaka, kisha nenda kwenye ukurasa wa kuhifadhi nje ya mtandao na uziweke. Tangu hapo ukiifungua hata bila data inatafuta na kujibu. Nyaraka za lugha moja huwa ni MB chache tu. Sijui kitu kingine chenye faida kubwa hivi kwa data ndogo hivi.

Kama wewe ni mwalimu, au unataka kuanzisha kikundi mtaani, ongeza Kolibri. Unaiweka kwenye kompyuta moja, unapakua masomo yakiwamo ya Khan Academy, kisha simu na kompyuta nyingine zinaunganishwa nayo kwa Wi-Fi ya chumbani bila intaneti kabisa. Menyu zake zinapatikana kwa Kiswahili, na masomo unaweza kuyahamisha shule hadi shule kwa diski.

Hatua ya 3: CS50, na kwa sasa usiguse kingine

Ningeruhusiwa kumpa mtu somo moja tu, ningempa hili. CS50 ni somo la utangulizi wa sayansi ya kompyuta la Chuo Kikuu cha Harvard, linafundishwa na David Malan tangu 2007, na lote liko wazi kwenye cs50.harvard.edu bila malipo. Nimelipenda kwa sababu halikufundishi lugha moja ya programu ukabaki nayo. Linakufundisha kompyuta inafikirije, kisha lugha zinafuata kama zana.

Mpangilio wake uko hivi. Wiki ya sifuri ni Scratch, lugha ya vipande vya rangi iliyotengenezwa MIT. Wiki ya 1 hadi ya 5 ni C, na humo ndimo mnamopatikana safu za data, mbinu za kutafuta na kupanga, kumbukumbu ya kompyuta, na miundo ya data. Wiki ya 6 ni Python, ya 7 ni SQL, lugha ya kuuliza hifadhidata, ya 8 ni HTML, CSS na JavaScript, ya 9 ni Flask, yaani kujenga tovuti yenye hifadhidata nyuma yake. Mwisho unatengeneza mradi wako mwenyewe.

Usianze na video. Vipindi vingi hupita saa mbili, na video ya saa moja kwa ubora wa 360p ni takriban MB 300. Ukiacha ubora wa juu, GB inakwisha mapema. Ukurasa wa kila wiki una notisi zilizoandikwa kwa ukamilifu, slaidi na mifano ya programu. Hifadhi hivyo kwanza. Soma notisi, andika mifano kwa mikono yako bila kunakili na kubandika, na pale tu usipoelewa ndipo utafute kipande hicho cha video. Video mbili nazitetea hata kwa bando la mwisho: ya wiki ya sifuri na ya wiki ya 4.

Katika ya sifuri mwalimu anatafuta jina kwenye kitabu cha simu. Ukifungua ukurasa mmoja mmoja katika kitabu cha kurasa 1,000, unaweza kufungua mara 1,000. Ukifungua katikati, ukatupa nusu isiyohusika, na kurudia hivyo, unafika kwa hatua zipatazo 10. Wazo hilo dogo ndilo mlango wa somo zima.

Ya 4 inahusu kumbukumbu, na hapo ndipo wengi huacha. Tatizo ni vielekezi (pointers). Mimi vilinishinda wiki nzima hadi nilipovifikiria kama vibao vya anwani za makazi vilivyobandikwa kwenye nyumba zetu. Kielekezi ni namba iliyoandikwa kwenye kibao. Thamani ni nyumba yenyewe na waliomo. Ukimpa mtu nakala ya namba, hujampa nyumba ya pili. Umempa njia ya kufika kwenye nyumba ileile, na akipaka rangi ukuta, nawe utaukuta umepakwa. Na ukimtuma kwenye namba isiyo na nyumba, programu inaanguka. Chora vijumba kwenye karatasi, uviandikie namba, ufuate programu mstari kwa mstari kwa penseli. Usipite wiki hii kwa haraka.

Malipo yake utayaona kwenye zoezi liitwalo Recover. Unapewa nakala ya memori kadi ambayo picha zake zimefutwa, unatakiwa uandike programu ya kuzirudisha. Siri ni kwamba faili likifutwa, data yake haiondoki papo hapo. Nafasi yake tu inahesabiwa kuwa wazi. Na kila picha ya JPEG inaanza na baiti tatu zilezile, 0xff 0xd8 0xff, hivyo unapita kadi nzima ukizitafuta. Kabla ya zoezi hilo nilikuwa nikiwarudishia wateja picha kwa programu niliyoipakua, bila kujua inafanya nini. Mama mmoja aliwahi kuniletea kadi yenye picha za harusi ya binti yake, na kabla ya kuja alikuwa ameendelea kupiga picha nyingine kwa siku mbili. Nyingi hazikurudi. Leo ninajua kwa nini, na jambo la kwanza ninalomwambia mteja kwenye simu ni: toa kadi sasa hivi, usipige hata picha moja zaidi.

Mazoezi yanaandikwa kwenye cs50.dev kwa akaunti ya bure ya GitHub. Inahitaji mtandao muda wote, ingawa ni maandishi tu na hailiki sana. Ukitaka kufanya kazi bila mtandao kwenye laptopu ya Linux, pakua mafaili mawili ya maktaba yao, cs50.c na cs50.h, uyaweke kwenye folda ya zoezi, kisha uunganishe, mfano kwa zoezi liitwalo mario, kwa amri clang -I. mario.c cs50.c -o mario. Ukimaliza ndipo uwashe data, ukaguze kwa check50, uwasilishe kwa submit50. Ukipata angalau asilimia 70 kwenye kila zoezi na mradi wa mwisho, wanakupa cheti chao bure. Kile cha kulipia cha edX, tovuti nyingine inayotoa somo hilohilo, si lazima.

Kuhusu muda: wiki moja yao ihesabu kuwa wiki mbili au tatu zako ukiwa na kazi nyingine. Miezi sita si mingi.

Hatua ya 4: Jifunze karakana

Fundi seremala hujifunza kunoa randa kabla ya kutengeneza kabati. Kwenye kompyuta kunoa huko ni kutumia dirisha la amri, kuhifadhi historia ya kazi kwa Git, kusoma makosa. Vyuo vingi hudhani utajifunza mwenyewe. Wanafunzi watatu wa uzamivu wa MIT waliliona pengo hilo, na 2020 wakaweka wazi masomo mafupi kwenye missing.csail.mit.edu. Yameandikwa yote kwa maandishi, hivyo yanasomeka hata kwa data kidogo. Soma la dirisha la amri na la Git kwa makini. La Vim, programu ya kuhariri maandishi, unaweza kuliacha kwa baadaye.

Hatua ya 5: Chagua njia moja

Sasa ndipo unaruhusiwa kuchagua, na uchague moja.

Kwa tovuti, nyaraka za kuaminika kuliko zote ni MDN, zinazosimamiwa na Mozilla. Zina sehemu ya kufundishia tangu mwanzo. Kwa mazoezi kuna freeCodeCamp, iliyoanzishwa na Quincy Larson mwaka 2014: vipande vifupi, vinakaguliwa hapohapo kwenye kivinjari, vyeti vyake bure. Kuna pia The Odin Project, ambayo ni ngumu zaidi kwa sababu inakupa ukurasa mtupu na kukuambia utengeneze kikokotoo. Ushauri wangu ni huu: mwenye simu tu aanze freeCodeCamp, mwenye laptopu aende Odin moja kwa moja. Nimewaona waliomaliza mamia ya vipande vya mazoezi na bado hawawezi kuanza faili jipya peke yao. Ukurasa mtupu ndio unaofundisha.

Kwa mitandao, fungua akaunti ya bure ya Cisco Networking Academy upakue Packet Tracer. Inakuruhusu kupanga ruta, swichi na kompyuta kwenye skrini, kuziunganisha kwa nyaya na kuzipa anwani, bila kumiliki hata ruta moja.

Kwa ufundi wa vifaa, video za Professor Messer za kujiandaa na mtihani wa CompTIA A+, wa cheti cha ufundi wa kompyuta, ni bure na zimekatwa fupifupi. Mtihani wenyewe ni ghali. Video zinafaa hata kama hutaufanya.

Kiingereza kikikukwaza

Hili linastahili kusemwa wazi, kwa sababu wengi huacha wakidhani hawana akili ya kompyuta, kumbe lugha ndiyo iliyowazuia. Masomo makubwa niliyoyataja karibu yote ni ya Kiingereza. Kwa mtoto au mtu mzima anayeanza kabisa, Scratch ina Kiswahili: fungua orodha ya lugha, chagua Kiswahili, na vipande vyote vinageuka. Programu yake ya kompyuta inafanya kazi bila mtandao. Ukishazoea wazo la kurudia, la sharti na la kuhifadhi thamani katika lugha yako, kulikuta tena kwa Kiingereza ndani ya C ni kubadilisha jina tu.

Halafu weka daftari la maneno. Kila neno jipya liandike, uliandikie tafsiri yako na mfano wa mstari mmoja. Yapo yaliyokwisha kutafsiriwa. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili, tangu 2004. Yasiyokuwapo jitungie. Daftari langu lina "kibao cha anwani" mahali pa kielekezi, na halijawahi kunipoteza. Kwenye video washa manukuu ya Kiingereza na upunguze kasi iwe 0.75, macho hushika maneno ambayo masikio yameyakosa.

Ukikwama

Programu ikikataa, soma kosa la kwanza kutoka juu. Katika C, nukta-mkato moja iliyosahaulika huweza kuleta makosa kumi na mawili, na kumi na moja yataondoka ukirekebisha la kwanza. Ukienda kulitafuta mtandaoni, ondoa kwanza majina ya mafaili yako na majina uliyojitungia, ubaki na sentensi ya kosa yenyewe.

Majibu ya Stack Overflow, tovuti ya maswali na majibu ya waandika programu, yaangalie mwaka. Ukiona mfano wa Python umeandikwa print "habari" bila mabano, huo ni wa Python 2, ambayo matunzo yake yalikoma tarehe 1 Januari 2020. Uache.

Na ChatGPT na wenzake? Wanasaidia kueleza kosa, nami huwatumia. Lakini usiwape zoezi wakutatulie. CS50 yenyewe inakataza, na badala yake imeweka bata wake wa kidijitali anayekupa dokezo bila kukupa jibu. Uliza "kwa nini mstari huu unaanguka?", kisha ukahakikishe jibu kwenye DevDocs. Mashine hizo hutunga amri zisizokuwapo, kwa sauti ileile ya uhakika wanayotumia kwa zilizopo.

Ukimaliza kujaza flashi yako

Mgawie mwenzako. Masomo ya CS50, ya MIT OpenCourseWare (masomo ya chuo cha MIT yaliyowekwa wazi), ya The Odin Project na miongozo ya iFixit yametolewa kwa leseni za Creative Commons zinazoruhusu kunakili na kugawa kwa sharti kwamba utaje chanzo na usifanye biashara nayo. Wikipedia nayo inaruhusu kugawa. Kwa hiyo kumwekea jirani nakala kwenye flashi yake si wizi. Kumuuzia masomo hayo ndilo linalokatazwa. Dukani kwangu kuna diski moja ya nje ya rangi ya bluu juu ya kaunta. Anayekuja na flashi tupu ya GB 32 huondoka na notisi za CS50, Kiwix, fungu la kompyuta la Wikipedia na faili la iFixit. Kunakili huchukua karibu nusu saa, na muda huo tunautumia kuweka Termux kwenye simu yake na kuandika pamoja programu ya kwanza ya C.